KAKAO YA KILOMBERO IINGIE JIKONI

Katika soko la Ifakara mwananchi hupata karibu kila kitu kinachotoka katika bonde la Kilombero. Upo mchele ambao sifa yake imekwisha kufika katika miji ya pwani. Zipo ndizi, wapo samaki wa mtoni, na ipo sukari ya viwanda vya upande wa Kidatu. Lakini liko zao moja la bonde hilo hilo ambalo ni nadra kulikuta juu ya meza za soko, na ambalo harufu yake haijazoeleka katika majiko ya watu wanaolilima. Zao hilo ni kakao.

Si kwamba kakao ya huko ni mbaya. Kyela, katika mkoa wa Mbeya, ndiyo inayotangulia kwa kakao katika nchi yetu. Lakini Kilombero nayo imejijengea jina. Huko Mbingu, magharibi ya Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa, wakulima wadogo huotesha mikakao katika kivuli cha migomba na miti mingine. Mwaka 2013 ilianzishwa huko kampuni iitwayo Kokoa Kamili, ambayo kazi yake ni kununua mbegu mbichi kwa wakulima, kisha kuzivundika na kuzikausha mahali pamoja. Watengenezaji wa chokoleti wa Dandelion, wa mjini San Francisco, Marekani, wamepata kuuza chokoleti ambayo karatasi yake imeandikwa jina la Kokoa Kamili na jina la Tanzania. Mtu wa San Francisco, basi, ameonja Mbingu. Je, mtu wa Mbingu ameionja?

Anachokijua mkulima wetu kwa kawaida ni ule ute mweupe, mtamu na mkali kidogo, unaozifunika mbegu, ambao watoto huufyonza siku ya kupasua matunda. Baada ya hapo mbegu huondoka, na habari zake huishia kwenye mizani. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mkulima wa kakao huchumia kivulini, maana mkakao haupendi jua kali. Lakini mlaji yuko mbali naye, ng'ambo ya bahari.

Tunaandika leo kuhusu jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataliona dogo, nalo ni keki. Tunadai kwamba mkulima asiyejua ladha ya zao lake hawezi kulitetea mbele ya mnunuzi. Na kwamba njia iliyo nyepesi kuliko zote ya kuijua ladha ya kakao, katika nyumba isiyo na mtambo wala jokofu, ni kuoka ile keki nzito ya chokoleti ambayo Wamarekani huiita brauni.

Habari hii na watu wa visiwani

Msomaji wa Unguja, Pemba au Mafia huenda akauliza: kakao ya Ifakara yatuhusu nini? Twajibu kwamba yamhusu sana, kwa maana kakao iliingia Afrika kwa mlango wa visiwa. Asili yake ni misitu ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1822 Wareno waliichukua Brazil wakaipanda katika kisiwa cha Príncipe, na kutoka hapo ikaenea São Tomé na Fernando Po. Katika miaka ya 1870 fundi wa chuma aitwaye Tetteh Quarshie alirudi kwao Gold Coast kutoka Fernando Po akiwa amechukua mbegu. Leo Ghana na jirani yake Ivory Coast hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia nzima.

Karafuu nayo ilisafiri vivyo hivyo, kutoka visiwa vya Maluku, ikapitia visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa, hata ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na baadaye ikajaza vilima vya Pemba. Mazao haya mawili ni ndugu kwa historia: yote ni ya kigeni, yote yaliletwa ili yauzwe nje, na yote yamewatajirisha wengine kabla ya wakulima wake. Visiwa vya São Tomé na Príncipe, mwanzoni mwa karne ya 20, vilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa kakao duniani, lakini kwa jasho la vibarua waliochukuliwa Angola na kufanyishwa kazi katika hali isiyotofautiana na utumwa. Fedheha hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1909 kampuni ya Cadbury ya Uingereza ililazimika kuacha kununua kakao ya visiwa hivyo.

Lakini iko tofauti moja kati ya karafuu na kakao, nayo ndiyo kiini cha hoja yetu. Ni kweli kwamba karafuu nyingi ya dunia huishia katika sigara za Indonesia. Hata hivyo mtu wa Pemba anaijua karafuu nyumbani kwake. Huitia katika pilau na katika chai, na huitafuna jino linapouma. Akiletewa karafuu iliyolowa au iliyochanganywa na makonyo, hangojei mtaalamu amwambie kasoro yake. Pua yake inatosha. Mkulima wa kakao hana pua ya namna hiyo. Anapoambiwa kwamba mzigo wake ni wa daraja la chini, hukubali au hununa, lakini hawezi kujibu hoja kwa hoja. Mtu wa kisiwani amekwisha kufaulu somo ambalo mtu wa bondeni bado hajafundishwa.

Kwa nini keki, wala si chokoleti ya kipande

Wako watakaosema kwamba dawa ni kiwanda cha chokoleti. Nasi tungefurahi kukiona. Lakini yafaa tuelewe kwa nini chokoleti ya kipande si jambo la kuanza nalo. Kakao iliyosagwa ni karibu nusu mafuta. Mwaka 1828 familia ya van Houten ya Amsterdam ilipata hati ya kinu cha kuyakamua mafuta hayo, na hapo ndipo ulipoanza ule unga wa kakao unaouzwa katika makopo. Mafuta hayo, ambayo huitwa siagi ya kakao, huyeyuka katika joto la nyuzi 34 hivi, yaani chini kidogo ya joto la mwili wa mwanadamu. Ndiyo sababu chokoleti huyeyuka kinywani, na ndiyo sababu pia huyeyuka dukani Ifakara, ambako mchana wa kiangazi joto hupita nyuzi 30 bila taabu. Mtengenezaji wa vipande hana budi kuwa na mashine ya kusaga kwa muda mrefu hata chembe zisisikike ulimini, kisha kupooza kwa vipimo, kisha jokofu la kuhifadhia, kisha gari lenye baridi la kusafirishia. Hayo yote ni mtaji.

Brauni haidai lolote katika hayo. Inasemekana kwamba ilianza mjini Chicago wakati wa maonyesho makubwa ya mwaka 1893, pale wapishi wa hoteli ya Palmer House walipotakiwa kutengeneza keki ndogo ambayo mabibi wangeweza kuila kwa mkono bila kuchafuka. Mwaka 1906 maelekezo yake yalikuwamo katika kitabu cha Fannie Farmer, mwalimu wa mapishi wa Boston, na tangu hapo imekuwa keki ya nyumbani. Si keki ya kuumuka. Ni nzito, imeshikana, ina ganda jembamba juu na unyevu ndani, karibu na uzito wa halua. Siri yake ni uwiano: mafuta na sukari ni vingi, unga ni kidogo, na hamira haitiwi kabisa.

Hebu tuutazame uwiano huo kwa macho ya Kilombero. Sukari ni ya Kidatu. Kakao ni ya Mbingu. Mayai ni ya kuku wa uani. Unga, kwa kuwa ni mchache na kazi yake si kuumua bali kushikanisha tu, si lazima uwe wa ngano, ambayo nchi yetu bado huagiza kwa wingi kutoka nje. Unga wa mchele wa Ifakara unatosha kabisa. Chembe za kakao zisiposagika sana hufichika ndani ya keki. Na ikisha kuokwa, joto la mchana haliiharibu kama liharibuvyo kipande. Hukaa siku mbili tatu katika chombo kilichofunikwa, na siku ya pili ladha yake huzidi. Ni vigumu kupata namna nyingine ya chokoleti iliyoifaa nchi ya joto kama hii.

Na hapa ndipo watu wa visiwani wanapoingia kama walimu. Kuoka kwa unga wa mchele na makaa juu ya mfuniko si jambo la kujifunza kutoka Ulaya. Mkate wa kumimina ni mkate wa mchele, na wanawake wa Unguja na Pemba wameupalia makaa juu ya mfuniko kwa vizazi vingi kabla jiko la umeme halijaonekana. Anayeweza mkate wa kumimina anaiweza brauni.

Namna ya kuioka

Tumejaribu wenyewe katika jiko la mkaa mjini Ifakara, na hatuoni aibu kukiri kwamba sufuria ya kwanza ilitushinda. Tuliweka moto mwingi chini na mchache juu, tukangoja hata keki ikauke kama tungojavyo keki ya kawaida. Tulichokipata kilikuwa kimeungua chini, kigumu katikati, na kichungu. Sufuria ya pili ilitufundisha, na tunaandika hapa tulichojifunza.

Chukua gramu 200 za mbegu za kakao zilizovundikwa na kukauka. Zikaange katika chungu au kaango kavu, kwa moto mdogo, ukizigeuza bila kuacha, kwa muda wa dakika 20 hadi 30, mpaka maganda yaanze kupasuka na harufu ya chokoleti itokee. Zikipoa, zivunjevunje, kisha zipepete katika ungo kama upepetavyo karanga. Utabakiwa na gramu 150 hivi. Zitwange katika kinu, au zisage kwa mashine ya karanga iliyosafishwa vizuri. Kinu kikiwa na joto, kakao huanza kutoa mafuta yake na kugeuka rojo jeusi. Usiongeze maji hata tone, kwa kuwa maji huligandisha rojo hilo likawa kama tope.

Weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, utie humo rojo la kakao pamoja na gramu 100 za samli au siagi, yaani karibu nusu kikombe. Mtu wa pwani aweza kutumia mafuta ya nazi, na ladha yake hupatana vyema na kakao. Vikiyeyuka, ondoa motoni, utie sukari gramu 250, ambayo ni kikombe kimoja na robo, na chembe ya chumvi. Acha ipoe mpaka kidole kisiungue. Ndipo uvunje mayai matatu, moja baada ya jingine, ukipiga kwa nguvu kila mara mpaka mchanganyiko ung'ae. Usifanye haraka hapa: kung'aa huko ni dalili kwamba sukari imeanza kuyeyuka ndani ya mayai, na ndiko kunakoleta lile ganda jembamba la juu. Mwisho tia unga wa mchele uliochekechwa, kiasi kisichofika nusu kikombe, na iliki iliyotwangwa au karafuu moja iliyosagwa. Karafuu mbili ni nyingi. Koroga kidogo tu.

Paka mafuta sufuria pana kiasi cha shubiri moja, utandike jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika. Mimina. Weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Au, kama wafanyavyo wengi bara, tia mchanga katika sufuria kubwa, uupashe moto sana, uteleke sufuria ndogo ndani yake na kufunika. Baada ya dakika 25 funua. Pembezoni pawe pameshika na katikati patikisike kidogo. Choma kijiti: kikitoka kikavu umechelewa, kikitoka na uji bado, kikitoka na chembe zenye unyevu, ondoa mara moja. Usiikate ingali moto. Mafuta ya kakao hushika yanapopoa, na mtu akatapo kwa pupa atapata uji, akaidharau keki kwa kosa lake mwenyewe.

Twapenda kuongeza kwamba hiki si chakula cha kila siku. Kina sukari nyingi na mafuta mengi, na mayai yana bei. Ni chakula cha Idi, cha Krismasi, cha harusi na cha mgeni. Kipande kidogo, kama cha halua, kinatosha na kahawa.

Ladha ni mwalimu

Mtu akioka sufuria mbili, moja kwa kakao iliyovundikwa vizuri na nyingine kwa mbegu zilizoanikwa tu juani siku ile ile ya kupasuliwa, atapata somo kubwa kuliko la kijitabu chochote. Ya kwanza itakuwa na harufu ya chokoleti na ukali mdogo wa matunda. Ya pili itakuwa chungu, yenye kukaza ulimi kama ndizi mbichi, na hakuna sukari itakayoificha.

Sababu yake ni hii. Mbegu mbichi ya kakao haina ladha ya chokoleti. Ladha hiyo huzaliwa katika kuvundika. Mbegu pamoja na ute wake huwekwa katika masanduku ya mbao na kufunikwa kwa majani ya migomba kwa siku tano hadi saba, na hugeuzwa ili hewa ipite. Vijidudu hula sukari ya ule ute, joto hupanda kufika nyuzi 45 na zaidi, mbegu hufa, na ndani yake hutokea mabadiliko ambayo kaango litayamalizia. Kisha mbegu huanikwa pole pole, kwa kiasi cha wiki nzima, mpaka maji yabaki asilimia saba hivi. Rundo likiwa dogo mno halipati joto. Likiachwa bila kugeuzwa huoza. Likikaushwa kwa moshi, moshi hubaki katika ladha.

Haya yote mkulima ameambiwa na mabwana shamba. Lakini kuambiwa ni jambo moja na kuonja ni jambo jingine. Mtu aliyeonja brauni mbili hatahitaji kuhimizwa kugeuza rundo lake. Na mnunuzi akimwambia kwamba mzigo haukuvundika, ataweza kukubali kwa kuelewa au kukataa kwa kuelewa. Huo ndio utetezi tunaousema. Haupatikani kwa maandamano wala kwa barua, hupatikana ulimini.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu bei ya kakao haipangwi Mbingu. Mwishoni mwa mwaka 2024 bei katika soko la New York ilipita dola 12,000 kwa tani, jambo ambalo halijapata kuonekana; mwaka 2025 ikaporomoka sana. Mkulima aliyeona bei ikipanda bila kujua kwa nini aliiona pia ikishuka bila kujua kwa nini. Hatudai kwamba sufuria za Ifakara zitayamaliza magunia ya bonde zima, wala kwamba keki itashindana na meli. Twasema tu kwamba zao lenye wateja nyumbani, hata wakiwa wachache, lina mahali pa kuegemea siku wateja wa ng'ambo wanapoyumba. Mchele wa Kilombero unaliwa Kilombero kwanza, na kwa hiyo hakuna mnunuzi awezaye kumdanganya mtu wa Ifakara kuhusu mchele.

Wajibu wa viongozi

Hatuwezi kumaliza bila kusema na viongozi wetu wa Serikali, wa wilaya na wa wizara, maana baadhi ya vizuizi havimo katika uwezo wa mwenye jiko.

Kizuizi cha kwanza ni kwamba mkulima auzaye mbegu mbichi habakiwi na kitu nyumbani, na akitaka kilo moja ya kakao iliyovundikwa vizuri hana pa kuinunua. Yafaa wanaovundika na wanaosimamia ununuzi wa kakao washauriwe kutenga kiasi kidogo cha kuuzwa vijijini na katika masoko ya Ifakara, Morogoro, Dar es Salaam na Unguja, kwa kilo na kwa nusu kilo. Hasara ya mpango huo kwa biashara ya nje ni ndogo mno, na faida yake kwa maarifa ya wananchi ni kubwa.

Cha pili ni vifaa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya kazi za namna hii hasa. Mashine ndogo ya kukaanga na kusaga kakao, ambayo kikundi cha akina mama kinaweza kuimudu, si ndoto. Ni binamu wa mashine ya karanga iliyokwisha kuenea nchini.

Cha tatu ni mafunzo. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, ambazo zilifika vijijini kwa redio na kwa vikundi vya kujisomea. Wanakumbuka pia somo la Sayansi Kimu, ambalo wasichana walifundishwa keki ya ngano na siagi ya kopo hali nyuma ya darasa yameota mazao ya nchi. Leo shule za bondeni zingeweza kuwa na shamba dogo la mikakao na siku moja ya mwaka ya kuoka. Mvulana na msichana wote wawemo, kwa sababu shamba ni la wote.

Cha nne ni sheria. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania. Hatutaki kazi hiyo ilegezwe. Chakula kibaya huua. Lakini mama aokaye sufuria mbili kwa juma na kuuza vipande vyake kituo cha treni ya TAZARA asipimwe kwa kipimo cha kiwanda cha tani mia. Awekewe masharti ya usafi anayoweza kuyasoma, kuyaelewa na kuyatimiza, na gharama asiyolazimika kuikopa.

Cha tano ni nishati, na hapa hatuna budi kujikosoa wenyewe, maana tumesifu makaa juu ya mfuniko. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Misitu ya Udzungwa, inayoleta maji ya bonde, haiwezi kuendelea kugeuzwa mkaa, hata kwa keki iliyo tamu namna gani. Bwawa la Kidatu limekuwa likizalisha umeme tangu mwaka 1975, na nyaya zake zimeangaza miji ya mbali. Ikiwa umeme huo utamfikia mwenye nyumba wa Mbingu kwa bei anayoiweza, makaa yatajiondokea yenyewe. Mpaka siku hiyo, mchanga uliopashwa moto mara moja na kutumika kwa sufuria mbili au tatu mfululizo hupunguza mkaa, nasi twaupendekeza.

Haya si mambo makubwa. Tumezoea kungoja kiwanda, na tunapongoja tunaona kwamba hakuna la kufanya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba kujitegemea huanza na kile kilichomo mkononi, na kilichomo mkononi mwa mtu wa Kilombero ni mbegu, sukari, mchele na yai. Ndugu yake wa kisiwani anayo iliki, karafuu, nazi na ujuzi wa kupalia makaa. Wawili hawa wakikutana katika sufuria moja, hapo chokoleti ya Tanzania itakuwa imeanza kuliwa Tanzania.

Basi twamwomba kila msomaji mwenye jamaa Ifakara, Mbingu au Mlimba, safari ijayo asiagize mchele peke yake. Aagize na kilo moja ya kakao iliyovundikwa. Na mkulima atakayeagizwa, kabla ya kuifunga, atoe kwanza gramu 200 za nyumbani kwake.